Ndege Ina Hitilafu, Kitabu Kinasema Iruke

Abiria wengi hawajui kwamba ndege waliyopanda safari iliyopita huenda ilikuwa na kifaa kibovu, na kwamba rubani alikuwa anajua, fundi alikuwa anajua, na mamlaka ya usafiri wa anga ilikuwa imeshatoa ruhusa kwa maandishi. Nikilisema hili kwenye vikao vya familia, watu hunitazama kana kwamba nimekiri uhalifu. Shemeji yangu mmoja aliniambia waziwazi kuwa ningemsitiri kama ningenyamaza. Namwelewa. Lakini nimefanya kazi hii muda wa kutosha kuamini kwamba hofu yake imeelekea pabaya. Kifaa kibovu kilichoandikwa, kikabandikwa kibandiko na kuwekewa tarehe ya mwisho, hakinikoseshi usingizi. Kinachonikosesha usingizi ni kile ambacho sote tumekikubali haraka, tukaweka saini, bila mtu hata mmoja kuuliza kimeharibika kwa nini.

Mimi ni fundi wa ndege mwenye leseni. Kazi yangu si ya karakana, ni ya rampu, pale ndege zinapoegeshwa, jua likiwaka na mvua ikinyesha. Ndege ikitua, mimi ndiye ninayemsubiri kapteni aniambie imekujaje. Kabla haijaondoka, mimi ndiye ninayesaini kwamba inafaa kuruka. Kwa ndege za propela tunazohudumia, kati ya kutua na kuondoka tena mara nyingi hakuna hata nusu saa, na ndani ya muda huo kuna kushusha mizigo, kujaza mafuta, kufagia, kupandisha watu. Hitilafu haichagui wakati. Mara nyingi hujitokeza pale rubani anapowasha mitambo na kupitia ukaguzi wake, abiria wameshafunga mikanda, mlango umefungwa.

Hapo ndipo kinapofunguliwa kitabu tunachokiita MEL.

Nieleze kidogo, maana bila hiki mengine hayataeleweka. Kila aina ya ndege ina orodha mama ya vifaa ambavyo ndege inaweza kuruka navyo vikiwa vibovu, na masharti yake. Kutokana na orodha hiyo, kila shirika la ndege huandika ya kwake, na mamlaka ya nchi, TCAA kwa Tanzania au KCAA kwa Kenya, huipitia na kuiidhinisha. Shirika linaweza kuwa kali kuliko orodha mama. Kulegeza hairuhusiwi hata mstari mmoja. Si ujanja wa kampuni fulani. Msingi wake umo kwenye Kiambatisho cha 6 cha Mkataba wa Chicago, mkataba wa mwaka 1944 unaotawala usafiri wa anga wa dunia nzima.

Mantiki yake ni akiba. Ndege ya abiria imejengwa ikiwa na vitu viwili viwili na vitatu vitatu: jenereta zaidi ya moja, redio zaidi ya moja, kompyuta zaidi ya moja. Kimoja kikifa, kilichobaki kinatosha, mradi uongeze tahadhari inayofidia pengo. Taa ya kutulia imeungua? Ruka mchana. Kifaa cha kuzuia barafu hakifanyi kazi? Usiingie kwenye mawingu yenye barafu. Kila hitilafu hupewa herufi ya muda: B ni siku 3, C ni siku 10, D ni siku 120, zinazohesabiwa kuanzia kesho yake, A ina muda wake maalumu ulioandikwa palepale. Muda ukiisha kabla haijatengenezwa, ndege inasimama. Na kitu chochote cha usalama wa kuruka ambacho hakimo kwenye orodha sharti kiwe kizima. Hutakuta bawa kwenye MEL.

Sehemu ambayo watu wa nje hawaioni ni kwamba kitabu hakimlazimishi mtu kuruka. Neno la mwisho ni la kapteni. MEL ikiruhusu na yeye akakataa, amekataa, na hakuna meneja mwenye haki ya kumvuta mkono.

Nimeliona hilo likitokea kwa macho yangu. Ilikuwa masika, ndege inaelekea Mwanza alfajiri, na rada ya hali ya hewa haikuonyesha chochote zaidi ya kioo cheusi. Orodha iliruhusu kuondoka kwa sharti kwamba utabiri usiwe na mvua ya radi njiani, na karatasi ya utabiri tuliyokuwa nayo haikuwa mbaya. Nikaandaa maandishi ya kuahirisha, nikampelekea kapteni, dada mmoja mtulivu ambaye alikulia Kanda ya Ziwa. Akasoma taratibu, akanirudishia kalamu.

“Fundi, maandishi yako hayana kosa,” akasema. “Ila mimi na ziwa lile tunajuana. Alfajiri ya masika siendi bila macho.”

Alikuwa sahihi kwa sababu ambayo kila mvuvi wa huko anaijua: Ziwa Victoria hupikia radi zake usiku, juu ya maji, na mpaka alfajiri bado zinatembea. Utabiri wa uwanja hauwezi kukuambia wingu limesimama wapi kati ya visiwa. Tukapata kifaa kutoka ndege nyingine, tukabadilisha, wakachelewa, wakaenda. Watu wa operesheni walinuna. Mimi nilibaki nikiwaza kwamba sharti lile la kitabu liliandikwa na mtu asiyelijua ziwa, na ndiyo maana wameacha nafasi ya mtu anayelijua.

Sasa niseme kilichonifanya nikae kuandika.

MEL inajibu swali moja: tunaweza kwenda? Haijibu jingine: kwa nini kimeharibika? Swali hili la pili halina ukurasa. Linategemea mtu aliyesimama pale, akili yake, uchovu wake, na muda aliopewa.

Nilifundishwa hivyo na mzee wa zamu yetu, ambaye sasa amestaafu. Siku moja marubani waliona taa ya onyo ya mfumo unaozuia magurudumu yasijifunge wakati wa kupiga breki. Orodha iliruhusu kuondoka, kwa hesabu mpya ya urefu wa njia ya kutulia, na viwanja vyote vya siku ile vilikuwa virefu vya kutosha. Nikaanza kuandika. Mzee akaja akiwa na kikombe chake cha chai.

“Mwanangu, imewaka kwa nini?”

“MEL inaruhusu, mzee.”

“Sijakuuliza inaruhusu nini. Nimekuuliza imewaka kwa nini.”

Tukalala chini ya ndege na tochi. Kibano kinachoshikilia nyaya kwenye mguu wa gurudumu kilikuwa kimekatika, nyaya zimelegea, na kwa mtikisiko wa kutua na kuruka zilikuwa zimesuguana na mpira wa mafuta ya breki hadi ngozi ya juu ya mpira ikaanza kuchanika. Waya ulikatika kwanza, taa ikawaka. Mpira ungefuata. Tungeahirisha taa kihalali kabisa, na ndege ingeendelea kutua na breki zinazoelekea kuvuja.

Nimeieleza hiyo kwa sababu ndiyo niliyoishika kwa mkono. Ila mfano mkubwa kuliko yote, ule ambao naamini kila fundi na kila rubani wa Afrika Mashariki angepaswa kuujua kwa moyo, ulitokea Madrid.

Tarehe 20 Agosti 2008, ndege aina ya MD-82 ya shirika la Spanair, safari namba 5022, ilikuwa inatoka uwanja wa Barajas kwenda Gran Canaria. Ilikuwa na watu 172. Ilijisogeza hadi karibu na mwanzo wa njia ya kurukia, na hapo marubani wakaona kipimo cha joto la hewa ya nje kikipanda kupita kiasi. Kilifika nyuzi 104. Ilikuwa siku ya joto ya Agosti, lakini hakuna joto la namna hiyo duniani. Wakafanya jambo lililo sawa: wakarudi maegeshoni.

Kihisi kile cha joto kina kipasha moto chake, kwa ajili ya kuzuia barafu angani. Ndege ikiwa chini, kipasha moto kinatakiwa kuzimika chenyewe. Siku ile kilikuwa kinapasha moto chini. Mafundi wakafungua orodha. Orodha ikasema ndege inaweza kwenda na kipasha moto hicho kikiwa hakifanyi kazi, mradi hakuna barafu njiani. Hakukuwa na barafu. Wakavuta sakiti breka yake, swichi ya kukata umeme, namba Z-29, joto likashuka, wakaandika, kapteni akasaini. Kwa macho ya kitabu, kazi imekwisha.

Tazama kilichotokea hapo. Orodha inazungumzia kipasha moto ambacho hakifanyi kazi. Kile kilikuwa kinafanya kazi, tena sana, mahali ambapo hakikutakiwa. Swali la mzee wangu lingekuwa: kwa nini kinawaka ndege ikiwa chini? Jibu moja linalowezekana ni kwamba sehemu fulani ya ndege ilikuwa inaamini iko angani. Katika MD-82 kuna rilei, swichi inayojiendesha kwa umeme, inayoitwa R2-5 inayopokea taarifa ya kama ndege iko chini au juu. Rilei hiyo hiyo inayozima kipasha moto chini, inahusika pia na king'ora cha kuruka, kile kinachopiga kelele rubani akisukuma nguvu za injini kabla ndege haijaandaliwa. King'ora hicho kinazimwa kikijua kwamba ndege iko angani. Kuvuta ile sakiti breka kulikuwa ni kumpa mgonjwa panadol, homa ikashuka, na ugonjwa wenyewe ukabaki mwilini.

Wakati huo wote muda ulikuwa unakimbia. Abiria wanaungua ndani, safari imeshachelewa zaidi ya saa nzima, kinasa sauti cha marubani kinaonyesha watu waliosumbuliwa na ucheleweshaji. Wakaanza upya: kuwasha injini, kupitia orodha za ukaguzi. Lakini walipofika kwenye flapu na slati, zile sehemu za bawa zinazoshushwa ili ndege ipate nguvu ya kupaa kwa mwendo mdogo, ukaguzi ukakatizwa; kapteni akamwambia msaidizi wake aombe ruhusa ya kuondoka maegeshoni. Hawakurudi pale walipoachia. Baadaye, katika ukaguzi wa mwisho, rubani msaidizi akataja tarakimu za flapu kama zilivyozoeleka kutajwa. Flapu zilikuwa hazijashuka.

King'ora hakikulia. Saa nane na dakika 24 mchana ndege ikanyanyuka kidogo, ikayumba, ikaanguka pembeni ya njia ya kurukia na kuwaka moto. Watu 154 walikufa. Walionusurika ni 18.

Tume ya uchunguzi ya Hispania ilitoa ripoti yake ya mwisho mwaka 2011. Haikuweza kuthibitisha bila shaka kwamba rilei ile ndiyo iliyonyamazisha king'ora, na mimi sitasema zaidi ya walivyosema wao. Lakini uhusiano wa dalili ile na king'ora ulikuwa umechorwa kwenye michoro ya umeme ya ndege, kwa yeyote ambaye angepata nafasi ya kuifungua. Kesi ya jinai dhidi ya mafundi wawili ilifungwa na mahakama ya Madrid mwaka 2012, na kwa maoni yangu hiyo ilikuwa haki. Walifanya kile kitabu kilichowaambia, ndani ya muda waliopewa, na mtu wa mwisho kusaini mara zote huwa ndiye aliye rahisi kukamatwa.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba dunia ilikuwa imeshaonywa. Tarehe 16 Agosti 1987, miaka 21 na siku nne kabla ya hapo, ndege ya aina hiyo hiyo, safari 255 ya Northwest, iliruka kutoka Detroit bila flapu. King'ora chake hakikuwa na umeme. Walikufa watu 156, wakiwamo wawili waliokuwa chini. Katika ndege nzima alipona mtoto mmoja wa miaka 4. Baada ya hapo mtengenezaji, McDonnell Douglas, alipendekeza king'ora kijaribiwe kabla ya kila safari. Ni jambo la kusukuma mkono wa injini mbele na kusikiliza, halichukui muda. Ila lilikuwa pendekezo. Katika taratibu za Spanair jaribio lilifanywa kabla ya safari ya kwanza ya siku, na baadaye pale tu ambapo marubani wote wawili walikuwa wametoka kwenye chumba chao. Siku ile hawakuwa wametoka. Baada ya Madrid, mwaka huohuo wa 2008, mamlaka ya usalama wa anga ya Ulaya ililigeuza kuwa amri: kabla ya kila safari.

Nimewahi kuwasimulia vijana wa zamu habari hii, na mmoja akauliza, kwa heshima, kama sasa kila taa ikiwaka tufungue michoro yote ya ndege. Hapana, tutakesha. Lakini kuna hitilafu za aina mbili, na mtu akizoea anazitofautisha haraka. Kuna kitu kilichokufa: balbu imeungua, feni imesimama, redio ya pili iko kimya. Hicho kiahirishe kwa amani. Na kuna kitu kinachofanya kazi vibaya: kinawaka pasipotakiwa, kinasoma namba isiyowezekana, kinakuja na kuondoka. Hicho kinakuambia habari za kitu kingine. Hicho ndicho cha kusimamia ndege, hata dakika kumi tu za kufikiri na kumpigia simu mtu wa karakana mwenye mchoro.

Na kuna kile kinachojirudia. Ndege ya AirAsia iliyoanguka kwenye Bahari ya Java tarehe 28 Desemba 2014, safari 8501 kutoka Surabaya kwenda Singapore, ilikuwa na tatizo kwenye kifaa kinachodhibiti mwendo wa usukani wa mkia. Uchunguzi wa Indonesia ulikuta tatizo hilo limeandikwa mara 23 katika miezi 12 iliyotangulia. Chanzo kilikuwa ufa kwenye solda, ile risasi ya kuunganishia nyaya, ndani ya saketi moja. Kila mara lilizimwa na kuwashwa upya, au likafanyiwa kitu ambacho kililituliza kwa muda. Siku tatu kabla ya ajali, kapteni wa safari hiyo alimshuhudia fundi, ndege ikiwa chini, akivuta na kurudisha sakiti breka ili kuliondoa. Tarehe 28, angani, tatizo liliporudi kwa mara ya nne katika safari ile, sakiti breka za kompyuta zinazoendesha kifaa hicho zilivutwa tena. Chini, maegeshoni, kitendo kile hakina madhara. Angani kilimzima rubani wa otomatiki, ndege ikalala upande, na waliokuwa mbele hawakuweza kuirudisha. Watu wote 162 walikufa. Mimi hujiuliza mara kwa mara ni nani huwa anatutazama tunapotengeneza, na anajifunza nini.

Upande wa marubani nao una wajibu wake, na wajibu huo unaitwa maandishi. Sisi mafundi wa rampu hatukuwa angani. Tunachojua ni kile kilichoandikwa kwenye kitabu cha hitilafu, tekilogi, na kile tunachoambiwa kwa mdomo kama kapteni hajakimbilia basi la wafanyakazi. Hapa siachi kufikiria ile Boeing 737 MAX ya Lion Air. Usiku wa tarehe 28 Oktoba 2018 iliruka kutoka Denpasar kwenda Jakarta ikiwa na kihisi cha pembe ambayo ndege inakata hewa, kilichobadilishwa siku hiyohiyo, kinachosoma kimakosa kwa nyuzi 21. Usukani upande wa kapteni ulitikisika kuonya kwa karibu safari nzima. Ndege ikawa inajisukuma pua chini yenyewe, mpaka marubani wakakata umeme wa mfumo wa mkia unaoisukuma pua hiyo. Walifika salama. Lakini katika kitabu cha hitilafu waliandika kwamba vipimo vya mwendo na urefu havikubaliani, na kwamba taa fulani ya shinikizo iliwaka. Usukani uliotikisika haukuandikwa. Kukata umeme hakukuandikwa. Fundi wa Jakarta akasoma alichoandikiwa, akasafisha mirija na viunganishi vinavyohusika na maneno yale, akajaribu, akasaini. Asubuhi ya tarehe 29 ndege ikaruka na watu 189, wasirudi.

Sitaki mtu asome hapo kwamba nawabebesha mzigo marubani wa usiku ule. Mzigo mkubwa ni wa mtengenezaji aliyeweka mfumo unaotegemea kihisi kimoja, na asiwaambie marubani kwamba mfumo huo upo. Ila namfikiria yule fundi akiwa na ukurasa wake mkononi usiku. Angeandikiwa “usukani ulitikisika tangu kuruka hadi kutua”, angeenda moja kwa moja kwenye kihisi kilichobadilishwa mchana. Ndiyo maana siku hizi nasimama mlangoni mpaka kapteni ashuke. Nawauliza marubani: mliona nini, mlisikia nini, na mlifanya nini? Hilo la tatu ndilo wengi husahau kuandika, kwa kuwa kwao lilikuwa suluhisho, na mtu haandiki suluhisho kama tatizo.

Najua gharama ya haya yote. Siku ile ya mpira wa breki, kati ya abiria alikuwapo mama mmoja aliyejifunga kanga mbili, anawahi Bukoba kumzika kaka yake. Alikuja hadi kwenye kizuizi cha rampu, akaniita, “Baba, mnisaidie, watazika saa saba.” Sikuwa na la kumjibu zaidi ya pole. Mhudumu wa safari ile aliniambia baadaye kwamba mama yule alifika watu wameshatoka makaburini. Nisingeiachia ndege ile. Lakini sipendi watu wa fani yangu wanaposema “usalama kwanza” kwa ulaini, kana kwamba kuchelewa hakumgharimu mtu. Kunagharimu, na gharama ile kwa sehemu kubwa inabebwa na watu ambao hawakupewa hata maelezo.

Hapo nina ugomvi na mashirika yetu, bila kulitaja lolote. Ratiba inapangwa kana kwamba ndege haziharibiki. Dakika zinazotengwa chini zinatosha kwa siku ambayo hakuna kitu kilichotokea, kwa hiyo kila hitilafu, hata ndogo, inaanza ikiwa tayari imechelewesha. Fundi anafungua kitabu huku simu ya operesheni inaita. Mashirika yanatakiwa kufuatilia hitilafu zinazojirudia, na kwenye kompyuta za ofisini zinafuatiliwa kweli. Mimi nataka orodha hiyo iwe mkononi mwa mtu wa rampu saa kumi ya usiku, aone kwamba taa anayotaka kuizima na kuiwasha imeshazimwa na kuwashwa mara ngapi na wenzake wa viwanja vingine. Nataka pia wakaguzi wa mamlaka, wanapopitia vitabu vyetu, wasiishie kutazama kama tarehe za B na C zimepita. Waangalie ni kitu gani kimeahirishwa, kikafungwa, kikaahirishwa tena chini ya maneno mengine.

Watu wakiniuliza kama mimi mwenyewe ningepanda ndege yenye hitilafu iliyoahirishwa, jibu ni ndiyo, na nimeshapanda na watoto wangu. Ile injini ndogo ya mkiani inayotoa umeme ndege ikiwa chini ilikuwa haifanyi kazi. Tuliondoka kwa umeme wa gari la uwanjani, joto ndani likatusumbua mpaka injini kubwa zilipowashwa, basi. Kilikuwa kitu kilichokufa, chanzo kilijulikana, kipuri kilikuwa kimeagizwa.

Kuna jambo moja dogo ambalo nimekuwa nikilipigania kazini. Tangazo la “sababu za kiufundi” halimwambii abiria kitu, na pengo lile watu hulijaza kwa hofu au kwa hasira. Kapteni wa siku ile ya breki hakulisoma. Alitoka kwenye chumba chake, akasimama mbele ya abiria bila kipaza sauti, akasema kuna waya umekatika kwenye gurudumu la kushoto, mafundi wamekuta na mpira wa breki umeanza kuchakaa, unabadilishwa, na baada ya dakika 40 atarudi kuwaambia wamefikia wapi. Kelele zikaisha. Dakika 40 zilipotimia kazi ilikuwa bado, na akarudi vilevile kuwaambia ni bado. Nimependekeza tangazo la namna hiyo liwe utaratibu wa kituo chetu: kitu gani, nani anakishughulikia, na lini mtaambiwa tena. Marubani kadhaa wameanza kulitumia. Uongozi umesema utalijadili, na mimi nimeomba lijadiliwe kabla ya masika.